Kwale Aliyeloweka Mkaa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Hebu tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo ndipo. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, paliishi ndege mjane, Bi Kwale, na vifaranga wake. Shamba aliloachiwa na mumewe lilikuwa mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, maji yanazama, na mbolea inazama nayo.

Na jumbe wa kijiji alikuwa nani? Fisi, nani mwingine! Aliweka sheria: siku ya malimbuko, kila mkulima alete barazani kikapu chake cha kwanza. Ukija mikono mitupu misimu mitatu, shamba linachukuliwa. Kobe alikwisha kunyang'anywa hivyo. Nungunungu naye vilevile.

Msimu wa kwanza, mahindi ya Bi Kwale yalikauka. Akaenda barazani mikono mitupu.

"Toka shambani mapema, mama," Fisi akamwambia.

"Sitoki ng'o!"

Msimu wa pili, aliokota chenga za mkaa kwenye tanuri la zamani, akazitwanga, akazifukia zikiwa kavu. Loo! Mkaa mkavu una njaa, jamani. Ulinyonya chakula chote cha mahindi, yakawa manjano. Kijiji kizima kikamcheka.

"Toka, mama!" Fisi akanguruma.

"Sitoki ng'o!"

Alisema hivyo barazani, lakini nyumbani alilia. Msimu mmoja tu umebaki, vifaranga watakula wapi? Akafuta machozi, akaenda kwa jirani yake Mbuzi.

"Dada, nipe samadi na mkojo wa zizini."

"Mkojo? Una wazimu wewe?"

"Ninao. Nipe."

Akachimba shimo, akauloweka mkaa humo kwa samadi na mkojo ule, akafunika kwa majani ya mgomba, akauacha mpaka ukashiba. Ndipo akauchanganya na mchanga, akapanda. Jua likawaka, lakini udongo ulishika maji. Mahindi yakanenepa.

Fisi akapita, akachungulia, akaona weusi kwenye udongo. "Kumbe ni mkaa tu!" Hakuuliza zaidi. Jumbe mzima amwulize mjane? Naye akitaka mavuno kama yale, akamwaga magunia ya mkaa mkavu kwenye mahindi ya shamba lake mwenyewe. Yote yakawa manjano, yakafa.

Siku ya malimbuko, Bi Kwale akaingia na kikapu kichwani, vifaranga nyuma yake.

"Huo ni uchawi!" Fisi akapiga kelele. "Toka kwenye shamba langu!"

"Sitoki ng'o! Kikapu changu hiki hapa. Chako kiko wapi, Jumbe? Mwaka juzi hukuleta, mwaka jana hukuleta, tukaogopa kukuuliza. Leo je?"

Kisha Kobe akatoa kichwa. "Huu ni msimu wako wa tatu, Jumbe."

"Wa tatu!" Nungunungu akasimamisha miiba.

"Lakini sheria niliiweka mimi!"

"Ndiyo," Bi Kwale akasema, "na leo imekufikia."

Fisi akanyang'anywa shamba, akatoka kijijini mkia katikati ya miguu. Kobe akarudi shambani kwake, na Nungunungu kwake. Bi Kwale akawachimbia mashimo ya kulowekea mkaa.

Wanangu, kilicho chako usikiachie mnyang'anyi. Ukikosea, rekebisha, jaribu tena, waache wacheke. Na ukitaka mavuno kama ya mwenzako, mwulize, usichungulie.

Hadithi yangu imeshafika nyumbani. Ikiwa tamu, wagawieni majirani; ikiwa chungu, nirudishieni, nitaitafuna mwenyewe.