Mafiga ya Mama Digidigi

Kru… kru… kru…

"Mama, nini hicho?"

Ni upepo.

"Upepo unaburuta mawe?"

Unaburuta. Nakijwa, sogea huku, mfunike mdogo wako, na wewe Mbonea acha kuchungulia mlangoni, hakuna cha kuchungulia.

"Ni baba mkubwa? Alisema shamba hili ni la babu yake."

Babu yake ndiye babu wa baba yako. Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, mawe yalipokuwa bado yanaitika yakiitwa, paliondokea mama mmoja, Digidigi. Mnamjua digidigi, yule swala mdogo kuliko hata mbuzi, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Mumewe alikwenda kunywa maji, hakurudi, na siku hiyo Chui alionekana ameshiba. Basi. Digidigi akabaki na mtoto mchanga, na shamba, na kibanda, na ndani ya kibanda mafiga matatu, aliyoyapanga mama mkwe wake siku alipolifyeka shamba lile.

Tangu mumewe aondoke, Digidigi alikuwa mwoga. Jani likianguka anaruka. Na akiogopa husema mbiombio, maneno yote yanataka kutoka mlangoni kwa pamoja. Usiku hakulala mpaka aulize, "Mafiga, mpo?" Nayo yakajibu, "Tupo." Ndipo akalala.

"Jiwe linasema?"

Linasema, na leo nyinyi ndio mafiga. Mafiga, mpo?

"Tupo!"

Haya. Siku moja akaja Fisi. Hakupiga hodi, Digidigi alimkuta tu amekaa.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Shamba zuri."

"Ahsante."

"La babu yangu."

Wakaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Kifaru. Kifaru haoni vizuri, kila kitu anakinusa, lakini kiti ni chake. Kifaru akasema, "Ardhi haina mdomo. Kila mmoja anieleze habari zake, mimi nitasikia."

Fisi akasimama, akakohoa, akaeleza taratibu. "Babu wa babu yangu alifika hapa milima ikiwa bado midogo. Akauliza, nani anakaa hapa? Hakujibiwa na mtu. Akalia machozi, na machozi yale ndiyo mto ule." Wanyama wakapiga makofi. Kanga, yule ndege mwenye madoadoa, akafuta jicho.

Zamu ya Digidigi. Akafungua mdomo. "Mwenyekiti mimi niliolewa hapa mama mkwe ndiye aliyefyeka na panga lake lipo na mume wangu alizaliwa hapa na mto ulikuwepo na huyu mtoto ana jino moja na shamba nalima mwenyewe naomba sana."

Kifaru akauliza, "Amesema nini?"

"Hatujui," wakajibu wanyama. "Lakini amesema yote."

Kifaru akamkatia Fisi upande wa mtoni.

Digidigi akarudi nyumbani. Usiku akauliza, Mafiga, mpo?

"Tupo!"

Akalala.

Fisi akaja tena. Digidigi alimkuta tu amekaa.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Vichaka vizuri."

Digidigi hakusema ahsante. Wakaenda kwa Kifaru. Safari hii Fisi alikuja na gunia. Akasema, "Mwenyekiti, nimechimba vichakani, nimewakuta mababu zangu. Hawa hapa." Akamwaga mifupa. Fisi hakosi mifupa.

Kanga akatazama, akaona katikati ya mifupa pana pembe mbili za mbuzi. "Samahani," akasema. "Babu yako alikuwa na pembe?"

"Huyo ni wa upande wa mama," akajibu Fisi.

"Aa," akasema Kanga.

"Pembe si kosa," akasema Kifaru, maana yeye mwenyewe anazo. Akanusa lile fungu. "Mifupa ipo." Akamgeukia Digidigi. "Na wewe?" Digidigi akafungua mdomo, maneno yakatoka yote kwa pamoja kama kuku waliofunguliwa banda, na hakuna aliyekamata hata moja.

Kifaru akamkatia Fisi na upande wa vichaka.

Sasa Digidigi amebaki na kibanda tu na kauwanja ka kuanika. Kibanda kikienda, itabidi ahamie mbugani. Na mbugani hakuna kichaka cha kumfichia mtoto hata sikio, na juu anazunguka Tai, na Tai anawapenda sana watoto.

"Anawapenda?"

Sana. Digidigi akakaa mlangoni, akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika. Usiku akauliza, Mafiga, mpo?

"Tupo!"

Akalala, lakini nusu. Mpaka usiku mmoja akasikia, kru… kru… kru… Akafikiri ni upepo. Akauliza, Mafiga, mpo?

"Tu—"

Hapana, sasa nyamazeni.

Mafiga, mpo?

Kimya.

Akapapasa gizani. Majivu yapo, ya moto. Mafiga hayapo.

"Kachukua Fisi!"

Nani kakwambia? Ngoja. Asubuhi Digidigi alimkuta Fisi amekaa.

"Shemeji, hujambo?"

Digidigi akambeba mwanawe.

"Twende kwa mwenyekiti, shemeji."

Hata Kifaru hakufuatwa, alikwishafika mwenyewe, na wanyama wote wapo upande wa mtoni, na mbele yao mafiga matatu yamepangwa vizuri, yamepanguswa vumbi. Fisi akasema, taratibu, "Mwenyekiti, hapa ndipo bibi yangu alipokuwa akipika. Yalikuwa yamefunikwa na nyasi, nimeyafunua. Sasa nenda kibandani kwa huyu mama ukanuse kama kuna jiko. Hakuna. Asiye na jiko ni mpita njia. Mpita njia apite."

Wanyama wakapiga makofi, kwa mazoea.

Kifaru akaja kunusa mafiga. Akazunguka kwa nje, akanusa la kwanza, akanusa la pili, akanusa la tatu. Akainua kichwa. Kanga akakohoa.

"Mwenyekiti, pua."

"Pua ina nini?"

"Ina masizi."

"Sijaingia jikoni mimi."

"Hujaingia. Umezunguka nje."

Nakijwa, tazama jiko letu. Masizi yanatazama wapi?

"Ndani, kwenye moto!"

Ndani. Lakini Fisi hajapika tangu azaliwe, anachokula anakila kilivyo, na yale masizi aliyaona ni urembo, akayageuzia watu. Kifaru akamuuliza, "Bibi yako moto alikuwa anaukoka wapi?"

"Nje," akasema Fisi. "Kuzunguka mafiga. Yalikuwa katikati, yanaota moto."

"Na chungu?"

Fisi akafikiri. "Chungu kilikuwa kinasubiri."

Kifaru akamgeukia Digidigi. "Mama, na wewe sema." Digidigi akasimama, maneno yamejaa kifuani yote, ya mama mkwe na ya panga na ya jino. Akamtazama mwanawe. Akayameza. Akasema maneno mawili tu.

Mafiga, mpo?

"Tupo!"

"Tupo, mama," yakasema mafiga. "Ila tumegeuzwa. Upepo unatupiga usoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Digidigi akaenda akainama, akaligeuza la kwanza, akaligeuza la pili, akaligeuza la tatu, nyuso zikatazamana. Kifaru akafuta pua kwenye nyasi. Akamrudishia upande wa mtoni, akamrudishia na vichaka, mafiga akayabeba Tembo mpaka kibandani. Fisi akaambiwa aondoke na mababu zake. Akaondoka nao. Njiani akasikia njaa, akawatafuna wote, hata yule wa upande wa mama.

Basi wanangu, mkitaka kujua shamba ni la nani, msimfuate anayelieleza vizuri, hao ni wengi. Tazameni nani amepika pale, na nani amekula. Hadithi yangu naifukia hapa kwenye majivu, ilale na moto.

"Na Fisi je?"

Fisi mpaka leo hajui alikosea wapi. Usiku anaburuta mawe ya watu, anayageuza hivi, anayageuza vile, halafu anacheka aonekane anajua. Siku akiambiwa, tumekwisha. Kwa hiyo niahidini. Mtamwambia mtu masizi yanatazama wapi?

"Hatumwambii mtu."

Hata akija na zawadi?

"Hatumwambii mtu."

"Hata baba mkubwa?" akauliza Nakijwa.

Kru… kru…

"Huyo ndiyo hatumwambii kabisa," akasema Mbonea, akaenda kukaa karibu na mafiga.