Jina Chini ya Chungu

Sikilizeni vizuri, kwa maana mizani nitawaachia ninyi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare walikuwako wafinyanzi watatu. Namkunda alikuwa na ulimi: alionja udongo, akajua kama utapasuka. Nakijwa alikuwa na mikono: alikizunguka chungu kinyumenyume, akikifinyanga, mpaka umbo likakamilika. Naetwe alikuwa na macho: alitazama moshi, akajua wakati wa kukiopoa chungu motoni. Kwa desturi yao hakuna aliyesema "chungu changu". Makande ya kwanza yaliyopikwa ndani yake waliyala wote watatu.

Posta ikataka kukiweka chungu chao kimoja kwenye stempu, pamoja na jina la mfinyanzi, moja tu. Barua ilifika wiki ya tatu baada ya Nakijwa kuzikwa. Wenzake hawakujua kusoma. Aliyewaandikia barua siku zote ni mume wa marehemu, Mwalimu Kiangi. Akaandika: Nakijwa. Hakumuuliza mtu.

Stempu ilipokuja, Namkunda aliishika kwa ncha za vidole. Wekundu ule ulikuwa wa udongo wake. Doa jeusi ubavuni lilikuwa la moto wa Naetwe. Umbo lilikuwa la marehemu.

"Shemeji, haya maandishi madogo yanasemaje?"

"Wafinyanzi wa Upare," alijibu Kiangi, bila kuinua macho.

Walimshukuru. Naetwe akamletea maziwa, naye akayanywa yote, kwa kuwa hakuwa na uso wa kuyakataa.

Siku ya gulio karani wa posta akawasomea jina lenyewe. Hawakugomba. Walikuja wakasimama mlangoni pa Kiangi.

"Shemeji," alisema Namkunda, "umesoma mpaka chuo kikuu, neno moja likakushinda kulisoma?"

"Ungetuomba," alisema Naetwe polepole, "tungekupa."

Sasa stempu itachapishwa upya, na posta imeshikilia: jina la mtu mmoja. Kiangi aliwapelekea fomu. Wakairudisha tupu, wakasema aliyeandika mwanzo aandike tena. Bila ulimi, chungu kingepasuka. Bila mikono, kisingekuwapo. Bila macho, kingeharibika motoni. Akilifuta jina la Nakijwa, ataona amemzika mara ya pili. Akiliacha, kila bahasha itakayopanda mlima ule itamsuta mbele ya mashemeji zake.

Fomu inatakiwa kesho. Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?