Nondo wa Macho Manne

Paukwa, nasema paukwa!

Pakawa!

Itikieni mpaka paa litikisike! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale, kale kwelikweli, bibi yake bibi yangu, Bibi Namkuna, aliishi kijiji cha bondeni. Mwanamke yule! Akikohoa, simba anaomba radhi.

Basi mwaka huo nondo wakamvamia Somoe, mjane kijana. Si vinondo hivi vyenu vya kwenye taa. Hawa ungo mzima! Rangi ya kahawa, na kila bawa lina jicho, jicho jekundu lililopakwa wanja mweusi. Jua likizama tu, vuu! vuu! vuu! Ukuta mzima unakutazama.

Jumbe Likapa akaruka juu. "Macho ya wafu hayo! Wanapotua pana mchawi. Kesho tunang'oa mafiga yake, ahame!"

Na kwetu ukishang'olewa mafiga, huna jiko, huna kwenu.

Somoe akalia, "Bibi, niende wapi na mwanangu mgongoni?"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Hebu niuone huo ukuta."

Bibi akachungulia, akachungulia. Akamwona nondo mmoja mnene, tumbo kama kidole gumba, katulia tuli, wenzake wanamzunguka. Hee! Bibi akacheka. Akamtia kwenye tenga, akafunika kaniki.

Kesho yake jioni watu wakajaa kwa jumbe, majembe mabegani. Bibi akafika, tenga kichwani.

"Jumbe, niwekee tenga langu hapo barazani, shingo inaniuma."

"Weka, bibi, twende zetu!"

Hawajainua mguu, vuu! Vuu! Vuuuu! Nondo hao! Juu ya paa la jumbe, juu ya kofia ya jumbe, mpaka kwenye ndevu za jumbe!

"Haya jamani," Bibi akasema, "tuanze na mafiga ya nani?"

Meno ya jumbe ka-ka-ka-ka. "Bibi, unanijua mimi! Mimi si mchawi!"

"Na Somoe, nani hamjui?"

Akafunua tenga. "Huyu jike. Madume wanamfuata yeye, popote alipo. Nimewaona kila bonde lenye mizambarau, mpaka pwani. Kwenye milima ya baridi hawapo. Sasa mabonde yote hayo yamejaa wachawi?"

Watu wakacheka mpaka mto ukarudi ulikotoka!

Jumbe akatupa jembe. Akaenda kwa Somoe mwenyewe, nondo bado kang'ang'ania ndevu, akapiga magoti kwenye mafiga yale yale, akamkokea moto. Fuu! Fuu!

Basi nanyi, kabla hamjamfukuza mtu kwake, kamtazameni kwanza mdudu aliyewatia hofu. Ngano yangu nimeitua hapo. Anayebisha, akawaulize nondo!