Kuku wa Wifi Nimwaka

Ngano, jamani, ngano!
— Itupe, tuidake!
Nikiitupa mbali?
— Tutaikimbilia!
Nikiitupa karibu?
— Tutaikalia!

Basi ikalieni. Hapo kale, kuku walipokuwa wakisema na watu, na watu wakijifanya hawasikii, palikuwa na bwana mmoja jina lake Mwakoyo. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Nyamvula, mdogo ni Mejumaa. Ua mmoja, nyumba mbili, mlango unatazama mlango.

Nyamvula alikuwa na wivu, jamani, wivu wa kuungua. Mejumaa akicheka, Nyamvula huuliza, "Anamcheka nani?" Mejumaa akinyamaza, Nyamvula huuliza, "Anamnunia nani?" Mume akikohoa kule kwa Mejumaa, Nyamvula husema, "Mbona kwangu hakohoi hivyo?"

Lakini kitu kimoja alikuwa nacho ambacho mwenzake hakuwa nacho. Alikuwa na kuku wake, jina lake Kishungi, na Kishungi alikuwa ametotoa vifaranga kumi na viwili. Binti yake Nyamvula, Dzame, alikuwa na mimba changa huko kwa mumewe, na Nyamvula alikuwa ameapa: "Mwanangu akijifungua, arobaini yake yote atakula kuku wangu mimi. Hatakula kuku wa mtu." Kila asubuhi aliwamwagia chenga za mahindi uani, palepale mbele ya mlango wa Mejumaa, ili zionekane.

Siku moja akaja Nimwaka, dada yake Mwakoyo, wifi yao. Kichwani amebeba tenga. Ndani ya tenga mna jogoo mmoja na mitetea wawili, wakubwa, wanene, manyoya yanang'aa.

"Mama mkwe wangu hawezi," akasema, "nakwenda kumuuguza. Kuku wangu nimwachie nani?"

Mejumaa akawahi. "Niachie mimi, wifi. Bandani kwangu hamna hata kifaranga."

Nimwaka akatabasamu. Tabasamu lile lilimwendea Mejumaa, na Nyamvula akaliona likipita. Moyo ukamchoma kama pilipili jichoni.

"Kwake kwa nini?" akasema. "Mke mkubwa si mimi? Wageni wa mume hufikia kwa mke mkubwa, hata wakiwa na manyoya!"

"Dada," Mejumaa akamwambia polepole, "wewe una vifaranga wadogo. Kwetu mama alikuwa akituambia, kuku mgeni mkubwa asikae karibu na vifaranga. Yeye ameugua akapona, lakini ugonjwa anao tumboni. Hana habari nao, ila kifaranga akiudonoa kinyesini mwake, anakufa."

"Kwetu, kwetu! Kila siku kwetu! Sema tu unataka sifa za wifi."

Nyamvula akalikamata tenga, akalipeleka bandani kwake.

Kishungi akawaona wageni wanaingia, akatanua mbawa, vifaranga wote chini yake. Akaimba:

*Ko-ko-ko, mama Nyamvula,
mgeni ni mzima, kinyesi chake je?
Wanangu bado wachanga.*

"Nyamaza," Nyamvula akasema. "Hata wewe una wivu?" Akaenda zake.

Siku ya pili Kishungi akaimba tena:

*Ko-ko-ko, mama Nyamvula,
mgeni ni mzima, kinyesi chake je?
Wanangu bado wachanga.*

Nyamvula akachukua fito, akapiga ugo katikati ya banda. Wageni huku, Kishungi kule. "Haya, umeridhika?" Lakini kigae cha maji kilikuwa kimoja, wote wanaingiza midomo. Ufagio ulikuwa mmoja, unafagia huku, unafagia kule. Na miguu yake mwenyewe Nyamvula ilikanyaga kwa wageni, ikaenda kukanyaga kwa vifaranga.

Siku ya tatu Kishungi akaimba mara ya tatu. Nyamvula akajifanya hasikii. Alikuwa amesimama uani akipaza sauti: "Jogoo wa wifi anakula vizuri kwangu! Ananenepa!" Na jicho lake liko mlangoni kwa Mejumaa.

Siku zikapita, hata wiki haikutimia. Asubuhi moja Nyamvula akamwaga chenga, na vifaranga hawakuja. Walikuwa wamejikunyata, mbawa zimeshuka, macho wamefumba. Akatazama chini. Kinyesi chao kilikuwa na damu.

Siku ile wakafa watatu. Kesho yake wakafa wanne. Kesho kutwa yake wakafa wawili. Na wageni je? Wageni wazima kabisa! Jogoo akapanda juu ya ugo akawika, "Kokoikooo!"

Nyamvula akatoka mbio, mizoga mikononi. "Mwakoyo! Toka! Mkeo ameniulia kuku! Ametia sumu! Arobaini ya Dzame ameizika huyu!"

Mwakoyo akatoka. Mejumaa akatoka, unga mikononi. Kisha Kishungi naye akatoka bandani, na nyuma yake vifaranga watatu wanapepesuka.

"Mama Nyamvula," Kishungi akasema, na safari hii hakuimba, "mimi nimekuwa bandani usiku na mchana. Mejumaa hajatia mguu wake mle. Aliyeingia ni jogoo, na mitetea wawili, na wewe. Nilikuambia mara ngapi?"

Mizoga ikamponyoka Nyamvula.

"Mara tatu," akasema.

Mwakoyo akatazama pembeni. Nyamvula alingoja Mejumaa acheke. Kama angekuwa yeye, angecheka. Lakini Mejumaa alichuchumaa akawatazama wale watatu.

"Dada, hawa bado wanapumua. Wageni tuwapeleke kwenye kibanda cha shambani, mbali. Wafu tuwafukie. Lakini Kishungi asirudi bandani kwako, ardhi ya mle imeshachafuka. Nipe, nimweke jikoni kwangu, pakavu, kwenye majivu."

Aa, jamani! Kishungi jikoni kwa Mejumaa! Kitu kimoja alichokuwa nacho, akitie mikononi mwa mke mwenza! Wivu ukamwambia, "Usimpe. Afadhali wafe kwako." Ndiyo, ulimwambia hivyo, naye akausikia waziwazi, akaogopa sauti yake.

Akainama. Akamchukua Kishungi na wanawe. Akamkabidhi.

Kifaranga mmoja akafa usiku ule. Wawili wakapona.

Na Nyamvula? Kila asubuhi alikuwa akisikia Kishungi akitetea kule jikoni, na moyo ukimchoma vilevile. Siku ya nne akashindwa kuvumilia. Akavuka ua. Akanawa miguu kwa maji na majivu. Akasimama kwenye mlango ambao kwa miaka sita alikuwa akiutazama tu.

"Hodi," akasema.

"Karibu, dada," akajibiwa. "Wamekula."

Wasikilizaji wangu, kuku mgeni mpe banda lake, maji yake na ufagio wake, mbali na watoto wa kuku. Na wivu nao upe banda lake mbali, maana hula watoto wa mwenyewe.

Mimi nilipita uani kwao juzi nikitafuta chakula. Nikaambiwa, "Nawa miguu kwanza." Nikawaambia, jamani, mimi nimekuja kula, sikuja kutaga!

Ngano nimeitua.
— Nasi tumeitwika!