Sahani Tatu Katika Bomba Moja

Mtu mmoja aitwaye Eliamani alirithi chemchemi mlimani, na pamoja nayo bomba moja lililoteremka hadi shambani kwake, likavuka bonde, kisha likapanda kilima cha mdogo wake Kanankira. Bomba halikuwa na mashine. Maji yalishuka kwa uzito wake, na kwa nguvu ya kushuka huko ndiyo yalipanda tena hadi kwa Kanankira, alikoishi mama yao mzee, asiyeweza tena kutembea.

Eliamani alimpenda mdogo wake, lakini hakumwamini. Aliona mboga za kilimani zimestawi kuliko zake, moyo ukamuuma. Kuuliza hakuweza, maana kwao ni mwiko kumtuhumu ndugu kwa ajili ya maji. Akaona bora chuma kimsemee. Alinunua sahani ya chuma yenye tundu katikati, akaibana ndani ya bomba, juu ya shamba lake, kwa nati nane, akaweka geji, kipimo cha nguvu ya maji, moja mbele yake na nyingine nyuma. Tofauti ya geji hizo ilimwambia ni maji kiasi gani yanapita. Fundi aliyemuuzia alimwonya kwamba sahani hainywi maji, ila hula nguvu yake, na nguvu hiyo hairudi yote. Eliamani aliitikia kwa kichwa tu. Masikio yake yalikuwa yameshafika kilimani.

Haukupita mwezi, maji ya shambani kwake yakalegea. Mtu mwingine angeikumbuka sahani. Yeye alimkumbuka Kanankira. Alifunga sahani ya pili ng'ambo ya shamba, na ya tatu chini ya kilima, na kila mara alichagua tundu dogo zaidi, kwa sababu tundu likiwa dogo geji husema waziwazi. Asubuhi na jioni alizisoma zote tatu. Hakumkamata mwizi, na hilo likamtia hofu zaidi, maana mwizi asiyeonekana ndiye hatari. Kanankira alituma ujumbe mara mbili kwamba maji yanamfikia kwa shida. Eliamani alicheka peke yake, akasema moyoni kwamba mwenye hatia ndiye wa kwanza kulia.

Kiangazi kilipokaza, siku moja adhuhuri, upepo ulirusha cheche kutoka jikoni hadi kwenye nyumba ya mama. Mama alikuwa amekataa bati miaka yote kwa sababu ya kelele za mvua, na nyasi za paa lile zilikuwa kavu. Eliamani alikuwa chini ya kilima, akisoma geji ya tatu, aliposikia ukelele. Aliinua macho akamwona mdogo wake ameshika mpira wa maji, ameuelekeza juu kwenye paa, na maji yakitoka yakijikunja na kuanguka kizingitini. Hayakufika hata dirishani.

Hapo ndipo maneno ya fundi yalipomrudia. Alichukua spana akaanza kufungua sahani. Nati nane. Siku alipozifunga alijisifu kwa namna alivyozikaza, na sasa kila moja ilimgomea. Spana ilimponyoka mara tatu, akalia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakikimbia na ndoo. Alipoitoa sahani ile na kuunga bomba, maji kilimani yalipanda hadi dirishani. Paa lilikuwa juu zaidi. Alikimbilia sahani ya pili. Alikuwa kwenye nati ya tano paa liliposhuka.

Kanankira aliingia akamtoa mama amembeba mgongoni. Mama aliishi siku tatu tu.

Baada ya maziko Eliamani alipanda kilima na sahani zote tatu, akaziweka chini mbele ya mdogo wake. Alitamani atukanwe. Kanankira aliinua moja, akatazama tundu lake lisilozidi kidole gumba, akairudisha chini taratibu.

"Hakuna tone lililoibwa, kaka," alisema. "Yalifika yote uliyoyaruhusu. Yalifika yamechoka."

Eliamani alishuka kilima bila kuaga. Bomba lile leo halina sahani, na maji yanafika juu ya paa jipya la bati ambalo hakuna mzee anayelala chini yake.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaowapima wake zenu, ndugu zenu na watoto wenu kila wanapopita, kisha mkawalaumu kwamba wanawafikia wamelegea: siku moto utakapowaka, mtazifungua nati ngapi kabla paa halijashuka?