Ushahidi wa Dumu la Mbege

Siku Aikaeli alipomnyima mbege ya bure, Bwana Lyatuu, mtendaji wa kijiji, alikumbuka ghafla kwamba mama huyo hana kibali cha kupika pombe. Akabeba dumu zima likawe ushahidi kwa mkuu wa wilaya, akamwamuru naye apande pikipiki.

“Chachu ndiyo kwanza inafanya kazi, baba,” Aikaeli alisema. “Kaza kifuniko, wasije wakasema umeonja njiani.”

Lyatuu alikikaza kwa mikono miwili. Barabara nzima ilikuwa mashimo matupu.

“Ushahidi huu hapa, mheshimiwa!” alisema ofisini, akafungua. Mbege ikaruka hadi darini, ikamlowesha kuanzia kipara hadi viatu.

Mkuu alichungulia dumu tupu. “Sasa nani kati yenu mwenye pombe?”

“Mheshimiwa,” Aikaeli alijibu kwa adabu, “naomba utunuse wote wawili.”