Kufuli la Obadia

"Nyumba haishikwi na nguzo, hushikwa na moshi." Mjomba wenu aliisema jana kwenye kikao, nanyi mkachekeana kule pembeni, eti mzee anatetea jiko la kuni. Niliwaona. Nikanyamaza, maana mtoto wa mtu hakaripiwi mbele ya kikao. Sasa mmekuja wenyewe kuniuliza ilikotoka, na hapa nina debe zima la viazi. Shikeni visu mmenye, huku mnasikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Ukinga, barabara ilipokuwa bado haijafika, palikuwa na mpasua mbao aitwaye Obadia Chaula. Alikuwa na miaka thelathini na ushei, hajaoa, anaishi na mama yake, bibi Falesi, katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga marehemu baba yake. Paa lilikuwa la nyasi, na katikati ya nyumba yalikaa mafiga matatu ambayo moto wake haukuzimika. Jioni bibi Falesi aliufukia majivuni, alfajiri akaufukua.

Obadia alikuwa kijana mwema, ila haraka ilikuwa ugonjwa wake. Akipanda viazi leo, kesho kutwa anafukua kuangalia kama vimeota. Kwa hili ninalowaambia, hata hivyo, haraka yake ilikuwa na sababu. Kila asubuhi mama yake akiinamia moto alikohoa, akakohoa, mpaka akashika ukuta. Obadia alikisikia kikohozi kile akiwa kitandani, na moyo ukamwuma. Baba yake alikwenda kwa kifua. Aliogopa asije akampoteza na mama kwa njia ileile.

Basi akakusudia kumjengea nyumba nyingine. Alikuwa amepasua mbao misheni, akaiona huko nyumba ya magogo: misonobari mizima imelazwa gogo juu ya gogo, ncha zimechongwa zikaumana kwenye kona, sakafu ya mbao, na jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Humo ndani hakuna moshi wala upepo. Akasema, mama yangu atakaa kwenye nyumba kama hii.

Akapata kiwanja juu mlimani, karibu na miti yenyewe, kwa sababu gogo la msonobari halibebwi kama kuni. Fundi wa misheni akamwonya. "Kata, ubandue magome, kisha uyaache yapigwe na upepo mwaka mzima. Gogo bichi ni kama mtu aliyelowa. Likikauka, linajikunja."

Obadia akaitikia, kumbe moyoni anahesabu. Mwaka mzima? Kifua cha mama kitasubiri mwaka mzima?

Alipomweleza mama yake, bibi Falesi hakukataa. "Jenga, mwanangu. Mimi nitakaa hapa na moto wangu mpaka siku ya kuuhamisha."

Hapo mnielewe, maana siku hizi mnahama kwa lori. Zamani mtu hakuhesabiwa kuwa amehama kwa sababu vyungu vimehama. Mama mwenye jiko alichukua kaa la moto kutoka kwenye mafiga ya zamani, akalibeba kwenye kigae mpaka kwenye nyumba mpya, akawasha. Siku hiyo ndiyo mmehama. Kabla ya hapo mmebeba mizigo tu.

Obadia hakutaka kusikia habari ya moto. Moto ndio uliokuwa ukimwua mama yake, kwa hesabu yake. Mvua za kwanza zilipoanza akampeleka bibi Falesi kwa binti yake Tusekile, dada wa Obadia, aliyeolewa bonde la pili, akaahidi kumrudisha baada ya miezi miwili. Akarudi, akamwagia maji mafiga, akafunga mlango kwa kufuli jipya, akapanda mlimani akalale kwenye kibanda karibu na kazi yake. Aliona kwamba akiendelea kulala nyumbani atazembea.

Asubuhi iliyofuata alitokea mzee Luvanda, jirani wa mlima wa pili, anahema, jembe begani. Desturi ilikuwa ukiamka unatazama ng'ambo, na paa la jirani lisipofuka moshi, unakwenda kuuliza.

"Kuna msiba?" akauliza.

Obadia akacheka. "Hakuna msiba, baba. Tumehama."

Mzee Luvanda akatazama magogo matano yaliyolazwa chini. "Mmehamia wapi?" akauliza. Kisha akashika njia yake akaenda kulima.

Obadia akafanya kazi, hilo hakuna atakayemnyima. Mvua inanyesha, yeye anachonga. Miezi miwili ikawa mitatu, mitatu ikawa mitano. Mpaka mwezi wa nne wa mwaka kuta zilikuwa zimesimama na bati liko juu. Na hapo, mvua zilipokatika na upepo mkavu ukaanza, magogo yakafanya yale yale aliyoambiwa na fundi. Yakajikunja. Kati ya gogo na gogo nyufa zikafunguka, nyingine unapitisha kiganja. Obadia alisimama ndani ya nyumba yake akaona mlima wa Luvanda kupitia ukutani. Na baridi ya mwezi wa sita, ile ya umande kuganda mpaka viazi vinaungua shambani, ilikuwa njiani.

Wiki hiyohiyo dada yake akamtumia ujumbe: mama hali chakula.

Obadia alikwenda siku hiyohiyo. Alimkuta mama yake amekalishwa kwenye kiti barazani, ana shuka safi magotini. Amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Tusekile, kwa heshima, alikuwa hamwachi ashike hata mwiko. Wajukuu wanateka maji, wajukuu wanapika, bibi anakaa.

Obadia akakaa chini mbele yake, akasikiliza anavyopumua. "Mama, mbona kikohozi kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Sasa tatizo ni nini? Kifua si kimepona?"

"Kifua kimepona," bibi Falesi akasema. "Mwenye kifua ndiye simwoni. Naamka alfajiri, mikono inatafuta moto, hakuna. Nakaa. Wananiletea uji, nakaa. Obadia, mimi ni mgeni hapa mwezi wa ngapi huu? Nirudishe nyumbani."

"Nyumba mpya haijawa tayari, mama."

"Sikukuuliza mpya."

Obadia akaona kweli. Baridi waipitishe kwenye nyumba ya zamani, naye azibe nyufa taratibu. Wakaondoka kesho yake, mama amemshika bega, wakipumzika kila mahali penye jiwe.

Kufuli lilikuwa palepale, limeshika kutu kidogo. Obadia akalifungua, akasukuma mlango, na mlango ukaanguka ndani pamoja na fremu yake.

Ndani palinuka ukungu. Nyasi za paa zilikuwa nyeusi na zimelegea kama mboga zilizolala sufuriani, na upande mmoja paa lilikuwa limeshuka mpaka chini. Bibi Falesi akaweka kiganja kwenye nguzo ya katikati, ile aliyoisimamisha mumewe, akaisugua kwa kidole gumba. Unga ukamwagika miguuni pake. Fukusi walikuwa wameila yote ndani, wakabakiza ganda.

"Lakini nilifunga," Obadia akasema. "Hakuna mtu aliyeigusa nyumba hii, mama."

"Ndiyo," mama yake akajibu. "Hakuna aliyeigusa." Akafuta mkono kwenye kanga. "Baba yako alisimamisha nguzo hizi mwaka mmoja. Mimi nimezifukiza moshi miaka arobaini. Ulidhani nilikuwa napika tu?"

Obadia akakaa kwenye kizingiti akalia. Hakulilia nyumba. Alikuwa ameiangalia ile nguzo, kisha akaangalia mikono ya mama yake ilivyokwisha, akaelewa kwamba alikuwa amefunga kufuli mahali pawili. Nyumba alikwisha kuichelewa. Akawaza kama na mama pia amemchelewa.

Bibi Falesi alimwacha alie kidogo, halafu akamgusa kwa mguu. "Beba mafiga. Twende huko kwako."

"Kule kuna nyufa, mama. Baridi itakuua."

"Beba mafiga, nimesema."

Akayabeba moja moja, safari tatu, mama akitangulia polepole. Wakayapanga katikati ya nyumba ya magogo, sehemu aliyokuwa ameiacha bila sakafu kwa ajili ya lile jiko la chuma. Ikabaki shida moja. Kaa la kuhamisha halikuwepo. Obadia alikuwa amelimwagia maji kwa mkono wake mwenyewe. Na bibi Falesi hakutaka kiberiti.

"Nenda kwa Luvanda," akasema. "Mkewe alipoolewa, moto wa jiko lake alichukua kwangu. Mwambie naudai."

Obadia akashuka bonde na kupanda ng'ambo, haya imemjaa. Mzee Luvanda hakumcheka. Akachagua kaa kubwa, akalifunika majivu kwenye kigae, akafuatana naye.

Bibi Falesi akapiga magoti, akapuliza. Akakohoa, akapuliza tena. Obadia alitaka kumshika, mzee Luvanda akamzuia kwa mkono. Moto ukashika. Moshi ukajaa nyumba, ukatafuta pa kutokea, ukatokea kwenye kila ufa.

"Toka nje utazame," mama akamwambia. "Kila unapouona moshi, hapo ndipo baridi itapita. Ziba."

Akatoka, na kweli, nyumba nzima ilikuwa inamwonyesha aibu zake. Akakanda udongo na nyasi kavu, akaziba akifuata moshi, siku nne mfululizo, ndani bibi Falesi akichochea na kumwelekeza kwa sauti ambayo kila siku ilizidi nguvu. Juu, chini ya bati, akaacha tundu moja moshi upande na kutoka. Lile jiko la chuma halikuja tena.

Siku ya nne mzee Luvanda alipita kuangalia. Obadia akamwuliza, "Baba, magogo haya yalikuwa mabichi. Unadhani yatasimama?"

Mzee Luvanda hakuyatazama magogo. Alimtazama bibi Falesi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anageuza viazi majivuni, anamgombeza paka. Akasema, "Nyumba haishikwi na nguzo, mwanangu. Hushikwa na moshi."

Bibi Falesi aliishi humo baridi saba nyingine, akikohoa asubuhi, akila vizuri, akaona na mkwe na mjukuu. Asubuhi moja mzee Luvanda alipoamka, paa la ng'ambo halikufuka moshi. Hakungoja kuitwa. Alipofika alimkuta Obadia amepiga magoti penye mafiga, machozi yanamtoka, anafukua majivu kutafuta kaa. Akalipata, akapuliza. Ndipo wakaanza kupeleka habari za msiba.

Nyumba yenyewe mnaijua. Mmekaa ndani yake, na viazi mnavyomenya vitaiva kwenye mafiga hayohayo. Mjukuu huyo aliyeonwa na bibi Falesi, mtoto wa Obadia, ni mimi.

Basi jana baba zenu walipopanga kunipeleka mjini nikapumzishwe, na nyumba ifungwe vizuri kwa kufuli zuri, mjomba wenu hakuwa akitetea kuni. Mkifika mkawaambie nawapenda, na kwamba nimesema nyumba haishikwi na nguzo, hushikwa na moshi. Wewe hapo mlangoni, chochea moto.